Kuteswa, Kujitoa na Kukombolewa: Maana ya Mateso Katika Imani ya Kikatoliki na Maneno ya Kiswahili Yanayoibeba

Ikisiri

Makala haya yanachunguza mafundisho ya Kanisa Katoliki kuhusu ukombozi na maana ya mateso kwa kuyapitia maneno ya Kiswahili ambayo mafundisho hayo huelezwa kwayo. Hoja inayojengwa ni kwamba maneno kama kukomboa, kuokoa, fidia, sadaka na mateso yalikuwa na kazi nyingine kabla ya kuingia kanisani, na hayakuziacha kazi hizo mlangoni. Maana hizo za awali mara nyingine huyaangaza mafundisho vizuri kuliko istilahi za Kilatini. Mara nyingine huyapotosha, na upotoshaji huo huwaumiza watu halisi.

Utangulizi

Kila Ijumaa ya Kwaresima, katika parokia za Kenya na Tanzania, waumini Wakatoliki hutembea Njia ya Msalaba yenye vituo 14 wakiyatafakari mateso ya Bwana. Jijini Nairobi kuna jumba la serikali liitwalo Nyayo ambalo orofa yake ya chini ilitumiwa katika miaka ya 1980 kuwatesa wapinzani wa utawala. Vyumba vile, vilivyofunguliwa ili umma uvione mwaka 2003, vinajulikana kwa kila Mkenya kuwa vyumba vya mateso. Neno ni lilelile. Muumini akitoka kanisani na kufungua gazeti hukutana na neno alilolipigia magoti muda mfupi uliopita, sasa likitaja uhalifu.

Wanafunzi wa isimu huenda wakaliona jambo hili kuwa suala la kawaida la neno moja kuwa na maana kadhaa. Kwa mwanateolojia suala hili ni zito zaidi. Imani ya Kikatoliki inadai kwamba uhalifu ule uliotendeka Yerusalemu ndio uliogeuka kuwa chanzo cha wokovu wa wanadamu, bila ya kuacha kuwa uhalifu. Namna gani jambo moja liwe yote mawili? Swali hili ndilo linaloyaongoza makala haya.

Mateso: neno lenye mtesi ndani yake

Katika waraka wake Salvifici Doloris wa tarehe 11 Februari 1984, Papa Yohane Paulo wa Pili aligusia jambo linalopaswa kumvutia kila mwanafunzi wa lugha. Alieleza kwamba msamiati wa Agano la Kale haukuwa na neno mahususi la mateso. Kila kilichomtesa mtu kiliitwa uovu. Ni Kigiriki, kwa kitenzi pascho, kilicholeta uwezekano wa kutaja hali ya kupatwa na jambo bila ya kulihukumu jambo lenyewe papo hapo. Kutokana na mkondo huo Kilatini kilikuwa na passio, neno linalomtazama anayepatwa na kumwacha kando anayesababisha.

Kiswahili kilichukua njia yake. Nomino mateso imeundwa kutokana na kitenzi -tesa, nacho ni kitenzi elekezi: hakuna kutesa bila mtesaji na mteswa. Msemaji anayesema mateso humwalika mtesi kimyakimya, hata pale ambapo hayupo. Maumivu nayo yanatokana na -uma, na anayeumwa na kichwa, ukizingatia sarufi peke yake, amegeukwa na kichwa chake mwenyewe kikamng'ata. Maneno tuliyoyapokea kutoka Kiarabu yana picha tofauti: dhiki asili yake ni wembamba wa mahali, shida ni ugumu, taabu ni uchovu, na msiba ni kitu kinachopiga shabaha. Hayo yanaweza kumpata mtu bila ya adui. Lakini Kanisa lilipohitaji jina la yaliyompata Kristo, halikuchagua dhiki wala taabu. Lilichagua mateso, na katika Kanuni ya Imani likatumia kauli ya kutendwa, akateswa, likamtaja na Pilato kwa jina.

Chaguo hilo lina faida kubwa. Linamzuia msomaji asifikiri kwamba msalaba ulikuwa ajali, au kwamba Mungu Baba ndiye aliyeshika nyundo. Kulikuwa na mtawala, askari, na umati. Dhambi ilikuwa na mikono. Hata hivyo, kauli ya kutendwa ina upungufu wake, kwani anayeteswa huteswa tu. Hiari yake haionekani popote katika umbo la kitenzi. Ilhali mafundisho yote ya Kikatoliki kuhusu ukombozi yamesimama juu ya hiari hiyo. Ndiyo maana liturujia ya Kiswahili huongeza kitenzi cha pili, nacho ni kujitoa. Kiambishi -ji- hapa kinafanya kazi ambayo aya nzima ya teolojia ingehitajika kuifanya. Askari walimtesa, yeye alijitoa. Vitendo viwili vilitokea katika mwili mmoja kwa saa zilezile, na Kanisa halifundishi kamwe kwamba cha kwanza ndicho kilichookoa.

Kukomboa si kuokoa

Vitenzi -komboa na -okoa hutumiwa kanisani kana kwamba ni visawe. Nje ya kanisa havikuwa hivyo. Kuokoa ni kumtoa mtu hatarini: majini, motoni, mdomoni mwa simba. Kukomboa kulihusu rehani na watu. Aliyeweka shamba au pambo rehani alilikomboa kwa kulipa. Aliyetekwa au kuuzwa alikombolewa kwa mali. Katika kuokoa kuna nguvu na upesi, na katika kukomboa kuna gharama. Kilatini redemptio kinasema jambo hilohilo, kwa kuwa redimere ni kununua tena kilichokuwa chako.

Pwani ya Afrika Mashariki iliziona maana hizi mbili zikitembea kwa miguu. Mapadre wa Shirika la Roho Mtakatifu walifika Unguja mwaka 1863 kuendeleza kazi iliyoanzishwa na mapadre kutoka kisiwa cha Réunion mwaka 1860, na mwaka 1868 wakaanzisha misheni ya Bagamoyo. Soko la watumwa la Unguja lilikuwa bado wazi. Lilifungwa mwaka 1873 kwa mkataba baina ya Sultani Barghash na Uingereza. Mapadre hao walinunua watumwa, hasa watoto, na kuwaweka katika makazi ya misheni. Walitumia fedha zilizochangwa na Wakatoliki wa Ulaya. Kwa hiyo katekisimu iliposema kwamba Kristo amewakomboa wanadamu, mtoto wa Bagamoyo hakuhitaji kufafanuliwa sitiari. Bei yake mwenyewe alikuwa ameisikia ikitajwa sokoni. Charles Sacleux, ambaye kamusi yake kubwa ya Kiswahili na Kifaransa ilichapishwa Paris kuanzia mwaka 1939, alikuwa padre wa shirika hilohilo, na inafaa kukumbuka jambo hilo kila inapofunguliwa kamusi yake.

Mombasa mambo yalikwenda kwa njia nyingine. Frere Town, makazi yaliyoanzishwa na wamisionari Waanglikana mwaka 1875, yalipokea hasa watu waliotolewa kwenye majahazi na manowari za Uingereza. Hao hawakununuliwa, bali waliokolewa kwa maana kamili ya neno. Kengele yao ingali pale Kengeleni, ikilipa eneo zima jina. Haitakuwa sahihi kuchora mpaka mkali mno, kwa sababu hata Bagamoyo ilipokea watu waliokamatwa baharini. Lakini inafikirisha kwamba upande mmoja wa pwani ulizoea ukombozi wa kulipiwa na mwingine uokovu wa manowari.

Sifa za Bagamoyo zisitiwe chumvi. Kununua mtumwa ili kumweka huru ni kumlipa muuzaji, na palikuwa na hofu tangu wakati ule kwamba fedha hiyo ingechochea biashara yenyewe. Aidha, waliokombolewa walijikuta chini ya nidhamu kali ya misheni, saa za kazi na saa za sala, na ndoa zilizopangwa. Utafiti wa mwanahistoria Paul Kollman uliochapishwa mwaka 2005 umeonyesha kuwa baadhi yao waliondoka. Yaani kulipiwa hakukutosha. Mtu alikuwa amebadilishiwa bwana, naye alitaka kuwa huru. Tatizo hili la Bagamoyo, kama itakavyodhihirika, ndilo tatizo la wanateolojia wa karne za mwanzo.

Katika karne ya ishirini kitenzi -okoa kilipata mkondo wake wenyewe. Uamsho ulioanzia Rwanda na Uganda miaka ya 1930 ulilifanya umbo kuokoka kuwa nembo ya Wakristo wa Kiprotestanti, na leo Mkenya akiambiwa kwamba fulani ameokoka haulizi ameokoka na nini. Mkatoliki anayeulizwa kama ameokoka husita, na wenzake hudhani kusita kwake ni dalili ya imani haba. Sababu ni ya kisarufi kwa kiasi fulani. Hali timilifu -me- hutaja jambo lililokwisha kutendeka na matokeo yake kuwapo. Fundisho la Kikatoliki, lililofafanuliwa na Mtaguso wa Trento katika kikao cha tarehe 13 Januari 1547, ni kwamba kuhesabiwa haki huanza kwa neema tupu, lakini mtu hushirikiana nayo kwa hiari, hukua ndani yake, na aweza kuipoteza. Mkatoliki angehitaji kusema amekombolewa, anaokolewa, na anatumaini kuokoka. Jibu la nyakati tatu kwa swali la wakati mmoja halivutii barazani. Ugomvi wenyewe umepungua tangu tarehe 31 Oktoba 1999, Wakatoliki na Walutheri walipotia sahihi tamko la pamoja mjini Augsburg kuhusu suala hili, ingawa habari hizo zimechelewa kufika vijijini.

Nomino ukombozi nayo imebeba mzigo ambao wenzake wa Ulaya hawaubebi. Kamati ya Ukombozi ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika ilikaa Dar es Salaam kuanzia mwaka 1963 hadi 1994. Wapigania uhuru wa Msumbiji na Afrika Kusini walikuwa wakombozi. Lugha za Ulaya zilikuwa na neno moja kwa kazi ya Kristo na jingine kwa kazi ya wapiganaji. Padre Gustavo Gutiérrez wa Peru alipochapisha kitabu chake kuhusu teolojia ya ukombozi mwaka 1971, na Roma ikajibu kwa maagizo mawili, la mwaka 1984 na la 1986, mjadala ulihusu uhusiano wa maneno hayo mawili. Msomaji wa Kiswahili huufikia mjadala huo akiwa tayari ana neno moja tu. Wengine wameona huo ni utata unaohitaji kurekebishwa kwa istilahi mpya. Haiyumkiniki kwamba istilahi mpya ingesaidia. Kutoka utumwani Misri kulikuwa ukombozi wa watu wenye miili, na Kanisa halijawahi kufundisha vinginevyo. Kilichokataliwa na Roma ni kudai kwamba ukombozi unaishia hapo.

Nani alilipwa?

Kama kukomboa ni kulipa, basi kuna aliyepokea. Swali hili la kitoto liliwasumbua mababa wa Kanisa. Origen, katika karne ya tatu, alielekea kwenye jibu kwamba mateka walikuwa mikononi mwa Shetani, na hivyo yeye ndiye aliyepewa fidia. Gregori wa Nisa akaongeza kwamba Shetani alinaswa kama samaki, kwa kuwa hakuutambua umungu uliofichwa ndani ya mwili. Ni hadithi tamu, na sungura wa ngano zetu angeipongeza, lakini Gregori wa Nazianzo aliikataa kwa hasira: ni fedheha kwa mnyang'anyi kulipwa kwa alichokiiba. Hoja yake ndiyo ile hofu ya kumlipa muuzaji wa watumwa.

Anselmi wa Canterbury aliligeuza swali katika kitabu alichokikamilisha mwaka 1098. Kwake Shetani hakudai chochote. Dhambi ni kumnyima Mungu heshima anayostahiki, nalo ni deni. Mwenye wajibu wa kulilipa ni mwanadamu, ila hana uwezo. Mwenye uwezo ni Mungu, ila hana wajibu. Alihitajika mmoja aliye yote mawili. Katika Kiswahili cha Kikatoliki malipo haya yana jina lake maalumu, malipizi, neno ambalo kwa bahati njema limekwepa kuwa fidia. Fidia imeingia mahakamani na kwenye ofisi za ardhi. Mkenya akiisikia hufikiria barabara mpya iliyopita shambani mwake na hundi inayokawia. Anayeusoma msalaba kwa neno hilo peke yake humwona Mungu kama mdai asiye na subira.

Mtakatifu Tomaso wa Akwino, aliyefariki mwaka 1274, ndiye aliyeweka uzito mahali panapostahili. Katika sehemu ya tatu ya Summa Theologiae anaeleza kwamba mateso ya Kristo yaliokoa kwa njia kadhaa: kama stahili, kama malipizi, kama sadaka na kama ukombozi. Kilichoyapa yote hayo thamani, kwa maoni yake, ni mapendo na utii ambao Kristo aliteseka nao. Mungu alipewa kitu kilichompendeza kuliko dhambi ilivyomchukiza. Kiasi cha maumivu si hoja kuu. Katekisimu ya mwaka 1992 inafuata mkondo huo inapofundisha kwamba mapendo yaliyofika mwisho ndiyo yanayoipa sadaka ya Kristo thamani yake. Hapa linafaa pia neno sadaka. Kwa asili ya Kiarabu ni zaka ya hiari, kitu apewacho maskini kwa moyo. Dhabihu ndiyo inayotaja kuchinja. Kwa kulipendelea sadaka, Kiswahili cha Misa kimeweka utoaji mbele na damu nyuma, na kikapatana na Tomaso pengine bila ya kukusudia.

Lipo neno la Kiebrania lisilopaswa kupitwa. Go'el ni ndugu wa karibu mwenye haki na wajibu wa kumkomboa jamaa aliyeuzwa au kulirudisha shamba la ukoo, kama Boazi anavyofanya katika kitabu cha Ruthu. Ayubu, katikati ya majipu yake, anamtaja go'el wake kuwa yu hai (19:25). Tafsiri ya Biblia ya Muungano ya mwaka 1952 ilimwita pale Mteteaji. Ni tafsiri nzuri kwa kuwa Ayubu yupo katika kesi, lakini inapoteza undugu. Ayubu anasema zaidi ya kuwa na wakili; ana mtu wa ukoo wake atakayemjia. Wakatoliki wanaposema kwamba Neno alifanyika mwili, wanasema kwamba Mungu amejitia katika ukoo unaodaiwa.

Kinachopungua

Ayubu ndiye anayefunga mlango wa jibu rahisi kuhusu mateso. Rafiki zake walishika kanuni kwamba ateswaye ametenda dhambi. Mwisho wa kitabu Mungu anawakemea wao. Waraka wa 1984 unakisoma kitabu hicho hivyohivyo: adhabu yaweza kuwa maana ya baadhi ya mateso, lakini si maana ya yote, na Ayubu hana hatia. Fundisho hili linapaswa kurudiwa leo kwa sauti, kwa kuwa zipo mimbari nyingi, na si za kigeni, zinazofundisha kwamba maskini na mgonjwa wana upungufu wa imani. Rafiki za Ayubu wamenunua vipaza sauti.

Papa aliyeandika waraka ule alikuwa amepigwa risasi katika uwanja wa Mtakatifu Petro tarehe 13 Mei 1981. Alianza na mstari mgumu wa Mtume Paulo (Wakolosai 1:24), ambapo mtume anafurahia mateso yake kwa kuwa anatimiza katika mwili wake kilichopungua katika mateso ya Kristo. Kipungue nini? Ikiwa msalaba umetosha, Paulo anakufuru. Ikiwa haukutosha, Wakristo wote wamepotea. Jibu la Kikatoliki ni kwamba ukombozi umekamilika, ila umeachwa wazi. Kristo hakuufunga kama mkataba uliotiwa muhuri, bali aliuacha upokee mapendo ya kila mtu atesekaye. Kinachopungua ni nafasi ya Paulo mwenyewe, nafasi ambayo hakuna awezaye kuijaza kwa niaba yake.

Kiswahili kina neno linalolikaribia fundisho hili kuliko istilahi yoyote, nalo ni uchungu. Asili yake ni ladha, lakini wanawake wamelifanya jina la maumivu ya uzazi. Hakuna anayesema kwamba uchungu ni mzuri; wakunga huupunguza wanavyoweza. Wala hakuna anayesema kwamba hauna maana. Injili ya Yohane (16:21) inatumia mfano huohuo, na Paulo anausikia katika viumbe vyote (Warumi 8:22).

Katika maisha ya ibada fundisho hili huonekana zaidi chumbani mwa mgonjwa. Sakramenti ambayo zamani iliitwa Mpako wa Mwisho ilirejeshewa jina la Mpako wa Wagonjwa kwa kufuata Mtaguso wa Pili wa Vatikano, na taratibu zake mpya zikatolewa mwaka 1972. Ni badiliko la neno moja. Zamani padre akibisha hodi, jamaa walianza kulia, maana ujio wake ulikuwa hukumu. Sasa anakuja kumwombea mgonjwa nafuu, na kumwunganisha na mateso ya Kristo ikiwa nafuu haikuja. Mambo mawili yanaombwa katika sala moja, na la kwanza haliombwi kwa unafiki.

Bakhita

Nadharia hupimwa kwa mtu. Josephine Bakhita alizaliwa Darfur, Sudan, kwenye mwaka wa 1869, akatekwa akiwa mtoto. Watekaji ndio waliompa jina Bakhita, maana yake mwenye bahati. Ni mzizi uleule uliotupatia bahati katika Kiswahili, na kejeli yake haihitaji maelezo. Aliuzwa mara kadhaa. Katika nyumba moja alichanjwa mwilini kwa wembe na majeraha yakatiwa chumvi. Papa Benedikto wa Kumi na Sita, katika waraka Spe Salvi wa mwaka 2007, anataja makovu 144. Hatimaye alinunuliwa na balozi mdogo wa Italia na kupelekwa nchini humo. Bibi mwenye nyumba alipotaka kumrudisha Sudan, alikataa kuondoka. Mahakama ya Venezia iliamua tarehe 29 Novemba 1889 kwamba alikuwa mtu huru. Alibatizwa tarehe 9 Januari 1890, akawa mtawa wa Shirika la Wakanosa, akafariki tarehe 8 Februari 1947, na kutangazwa mtakatifu tarehe 1 Oktoba 2000.

Benedikto anakaa juu ya neno moja la Bakhita. Kwa lahaja ya Venezia alimwita Mungu paron, yaani bwana, neno ambalo hadi wakati huo alilijua kwa mabwana waliomchapa. Alishangaa kusikia kwamba yupo Paron aliye juu ya maparon wote, na kwamba naye alichapwa. Bwana la Kiswahili lina historia hiyohiyo. Watumwa wa pwani waliwaita hivyo waliowamiliki, na kanisani likawa jina la Kristo. Wahakiki wanaolaumu uteuzi huo wana haki ya kulaumu, lakini kwa Bakhita neno lilikombolewa pamoja na mtu.

Inasimuliwa kwamba alipozeeka alisema angekutana na watekaji wake angepiga magoti na kuwabusu mikono, kwani bila wao asingemjua Kristo. Kauli hiyo hunukuliwa sana katika mahubiri, na si rahisi kuisikia bila ya wasiwasi. Ikitolewa kinywani mwake na kuwekwa kinywani mwa mtu mwingine, inageuka kuwa cheti cha msamaha kwa wafanyabiashara ya watumwa. Bakhita ana haki ya kuisema kwa sababu makovu ni yake. Isisahaulike pia kwamba msichana huyohuyo alikataa kurudishwa. Alipopata mlango wa sheria alipita. Kanisa limeiweka sikukuu yake, tarehe 8 Februari, kuwa siku ya sala dhidi ya biashara haramu ya binadamu tangu mwaka 2015. Halikuiweka kuwa siku ya kuwashukuru watekaji.

Msalaba wa nani?

Hapa ndipo matumizi mabaya ya fundisho hili yanapodhihirika. Mwanamke anayepigwa na mumewe huenda kwa wazee wa jumuiya, au kwa mama mkwe, au hata kwa padre, naye huambiwa abebe msalaba wake. Wanaosema hivyo huamini wanatoa mafundisho ya Kanisa. Kisarufi, wamechukua kauli ya kutendwa na kuibandika kiambishi -ji-. Mwanamke huyo anateswa. Wao wanamtangaza kuwa anajitoa. Lakini -ji- haiwezi kutiwa katika kitenzi cha mtu na mtu mwingine. Hiari ya kuazimwa si hiari, na bila hiyo, kwa mujibu wa Tomaso, hakuna sadaka, kuna jeraha tu.

Sheria yenyewe ya Kanisa haiko upande wa washauri hao. Kanoni ya 1153 ya mwaka 1983 inampa mwanandoa sababu halali ya kuondoka ikiwa mwenzake anamletea hatari kubwa ya roho au ya mwili, na hatari ikiwa katika kungoja, anaweza kuondoka kwa uamuzi wake mwenyewe. Papa Fransisko, katika Amoris Laetitia ya mwaka 2016, alikwenda mbali zaidi akasema kwamba mara nyingine kutengana ni jambo la lazima kimaadili. Kwa wagonjwa pia fundisho ni la zamani: tarehe 24 Februari 1957 Papa Pius wa Kumi na Mbili aliwaambia madaktari wa usingizi kwamba inaruhusiwa kutuliza maumivu makali kwa dawa hata ikiwa zinaweza kufupisha maisha, mradi kifo si lengo. Mgonjwa anayekataa mofini ili ayaunganishe maumivu yake na msalaba anaweza kuheshimiwa. Muuguzi anayemnyima mofini kwa sababu hiyo amekosa.

Waraka wa 1984 wenyewe haukuishia kwa Ayubu wala kwa Paulo, bali kwa Msamaria Mwema (Luka 10). Papa anafundisha pale kwamba Kristo alimfunza mwanadamu mambo mawili kwa pamoja: kutenda mema kwa mateso yake, na kumtendea mema anayeteseka. Kuhani na Mlawi wa mfano ule wangeweza kumwambia majeruhi maneno mazuri sana kuhusu thamani ya mateso. Walipita upande wa pili.

Mfano wa karibu unapatikana katika neno ambalo Waswahili hulitumia kila siku. Kariakoo ya Dar es Salaam na Kariokor ya Nairobi ni matamshi ya wenyeji ya jina la kikosi cha wapagazi cha jeshi la Uingereza katika Vita Kuu ya Kwanza, ambamo makumi ya maelfu ya Waafrika walikufa, wengi kwa maradhi na njaa kuliko risasi. Hawakujitolea; wengi walikamatwa. Sista Irene Stefani, mtawa wa Shirika la Konsolata aliyefika Kenya mwaka 1915 akiwa na umri wa miaka 23, aliwahudumia wapagazi hao katika hospitali za kijeshi za Voi, Kilwa na Lindi. Alisafisha vidonda, na alipohitajika aliwatafuta wagonjwa miongoni mwa maiti. Baada ya vita alifanya kazi Gikondi, Nyeri, ambako watu walimwita Nyaatha, jina la Kikikuyu lenye maana ya mama wa huruma. Aliambukizwa tauni alipokuwa akimuuguza mwalimu mgonjwa na kufariki tarehe 31 Oktoba 1930. Kanisa lilimtangaza mwenyeheri mjini Nyeri tarehe 23 Mei 2015. Wapagazi waliteswa na vita ambavyo havikuwa vyao, na hakuna mahali ambapo imeandikwa kwamba aliwaambia wayapende mateso hayo. Aliwaletea maji.